Seti ya pGLO kwa maabara za Dodoma: jeni inahama kweli, ila barafu na joto utajitafutia mwenyewe

Seti ya pGLO hutengenezwa na kampuni ya Bio-Rad ya Marekani, na ahadi yake ni moja tu. Unachukua jeni ya konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha ukimgusa, unaiingiza kwenye bakteria, na kesho yake bakteria wanang'aa kijani. Ahadi hiyo inatimia. Kwa mwalimu wa baiolojia wa kidato cha tano na sita, au mkufunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, ni vigumu kupata somo la vitendo linaloonyesha wazi kuliko hili kwamba jeni ni maagizo, na kwamba maagizo hayohayo husomeka hata na kiumbe asiye na undugu wa karibu na mwenye nayo. Shida ni kwamba mwongozo wake uliandikwa kwa ajili ya maabara iliyokamilika. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni kavu, vumbi halikauki, na umeme una siku zake.

Boksi lina bakteria E. coli HB101 waliokaushwa (jamii dhaifu ya maabara), plasmidi ya pGLO mikrogramu 20, ampisilini (dawa ya kuua bakteria) miligramu 30, arabinosi miligramu 600, mmumunyo wa kalsiamu kloridi mililita 15, mchuzi wa LB (chakula cha majimaji cha bakteria) mililita 10, unga wa agari (rojo linaloganda, la kuoteshea bakteria) wa kutengenezea mililita 500, visahani 40 vya petri, vitanzi vya plastiki vya kuchotea, pipeti na vichupa. Vinatosha vikundi 8 vya wanafunzi wanne wanne. Taa ya urujuanimno haimo. Wala inkubeta, barafu au themometa.

Moyo wa seti ni plasmidi, duara dogo la DNA lenye herufi 5,371, wakati kromosomu ya bakteria mwenyewe ina zaidi ya milioni nne. Ndani yake kuna jeni tatu za kuzingatia. Ya kwanza, bla, hutengeneza kimeng'enya kinachovunja ampisilini, kwa hiyo bakteria aliyeipokea plasmidi huishi pale ambapo wenzake wanakufa. Ya pili ni GFP, inayotengeneza protini inayong'aa. Ndiyo iliyowapa Shimomura, Chalfie na Tsien tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008. Ya tatu, araC, ndiyo inayoipa seti hii thamani kuliko mapambo ya mwanga. Protini ya araC hukaa kwenye DNA mbele ya jeni ya GFP kama mlinzi wa geti. Arabinosi, ambayo ni aina ya sukari, isipokuwepo, mtambo wa kusoma DNA haupiti. Arabinosi ikija inajishikiza kwenye araC, umbo la araC linageuka, na aliyekuwa anazuia sasa ndiye anayekaribisha wageni.

Hapo ndipo mwanafunzi anapoelewa kuwa kuwa na jeni na kuitumia jeni ni mambo mawili. Seli ya ini na seli ya jicho zina DNA ileile. Zinatofautiana kwa mageti yaliyofunguliwa.

Kila kikundi kinapata visahani vinne. Viwili ni vya bakteria waliopewa plasmidi: kimoja chenye ampisilini pekee, kingine chenye ampisilini na arabinosi. Viwili ni vya wasiopewa: kimoja chenye ampisilini, kingine kitupu, yaani cha agari isiyoongezwa kitu. Walimu wengi hukimbilia kile kinachong'aa. Cha kukaa nacho muda mrefu ni cha ampisilini pekee. Koloni, yaani vishungu vya bakteria, zimeota, maana yake plasmidi imeingia, lakini ukimulika ni nyeupe tu. Jeni ya konyeza imo humo ndani, imenyamaza.

Sasa kazi yenyewe. Agari huandaliwa siku tatu kabla. Usitumie maji ya bomba; birika lolote la Dodoma lina ukoko mweupe unaoeleza sababu. Nunua maji yaliyokenekwa, na ukienda kwa fundi wa magari kuomba "maji ya betri" hakikisha ni yale ya kuongezea, si tindikali. Changanya unga na maji mililita 500, chemsha huku ukikoroga. Kwa mwinuko wa hapa maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo usitoe jikoni yakianza tu kutokota. Endelea mpaka usione chembe wala utelezi chini ya chupa. Kisha subiri ipoe hadi nyuzi 50, yaani joto ambalo unaweza kuishika chupa bila kuiachia. Uvumilivu wa hapa ndio unaookoa somo zima, kwa sababu ampisilini ikimiminwa kwenye agari ya moto inaharibika, na utapata visahani ambamo kila bakteria anaota, aliyepewa plasmidi na asiyepewa.

Utaratibu wa kumimina ni rahisi ukiufuata bila kuchepuka: kwanza visahani 16 vitupu, kisha tia ampisilini iliyoyeyushwa kwa mililita 3 za mmumunyo na umimine 16, mwishoni tia arabinosi, nayo kwa mililita 3, na umimine 8 vya mwisho. Arabinosi huyeyuka polepole. Iloweke zaidi ya dakika 10 kabla hujaihitaji. Andika alama kwenye kitako cha kisahani, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana vyenyewe mkononi mwa wanafunzi 32. Kiangazi, visahani vikilala wazi usiku mmoja hunywea pembeni. Vigeuze kichwa chini, vifunge kwenye mfuko wa plastiki, viweke kwenye friji.

Saa 24 kabla ya somo bakteria huamshwa kwa mikrolita 250 za mchuzi, dakika 5, kisha huchorwa kwenye kisahani kitupu. Koloni changa ndizo zinazopokea DNA vizuri. Kisahani kilichoandaliwa Ijumaa kwa ajili ya somo la Jumatatu kitakupa koloni za kuhesabu kwa vidole.

Siku ya somo, kila kichupa kinapata mikrolita 250 za kalsiamu kloridi na koloni moja iliyokorogwa mpaka isionekane hata bonge. DNA ina chaji hasi, na uso wa bakteria vilevile, kwa hiyo husukumana. Kalsiamu inazituliza zikaribiane. Kichupa cha jaribio kinaongezwa kitanzi kimoja cha plasmidi, mikrolita 10. Kwenye kitanzi utaona kiwambo chembamba kama cha povu la sabuni. Kisipoonekana, mwanafunzi hajachukua kitu, na hili ndilo kosa linaloongoza. Barafu dakika 10, maji ya nyuzi 42 kwa sekunde 50, barafu tena dakika 2. Ongeza mchuzi mikrolita 250, acha dakika 10 mezani ili bakteria waanze kutengeneza kimeng'enya cha kujikinga, kisha paka mikrolita 100 kwenye kila kisahani.

Barafu ya mfuko inayouzwa mtaani inafaa kabisa, mradi uiponde na uitie maji kidogo ili ishike kichupa pande zote. Usitie chumvi, itashuka chini ya sifuri. Kwa nyuzi 42, beseni la maji hupoa kabla kundi la tatu halijafika. Tumia boksi jeupe la stairofomu la kubebea dawa au chupa pana ya chai, uanze na nyuzi 43. Themometa ya homa haifai hapa: ile ya kioo kipimo chake kinaishia 42 palepale, ukivuka hutajua, na inaweza kupasuka. Tafuta ya jikoni au ya maabara. Sukuma vichupa vitokeze chini ya kishikio vilimopachikwa ili viguse maji. Kutoka kwenye barafu hadi kwenye joto kusiwe na maongezi, kwani kinachofanya kazi ni kule kubadilika kwa ghafla. Ukiruka hatua ya joto koloni hupungua sana, na ukiizidisha unawapika.

Kuhusu inkubeta, kuna habari njema. Mashine ya kutotolesha vifaranga huwekwa kwenye nyuzi 37.5 au karibu na hapo, ambalo ndilo joto la E. coli. Zima kigeuza mayai, toa maji ya unyevu, laza visahani kichwa chini. Tumia mashine ambayo haitarudi kwenye mayai. Umeme ukikatika usihangaike: kwenye joto la chumba la Oktoba au Novemba koloni huonekana baada ya siku mbili au tatu, na GFP hujikunja vizuri hata kwenye joto dogo. Julai, usiku wa Dodoma una baridi. Hapo funga visahani ndani ya boksi pamoja na chupa ya maji ya moto.

Badala ya taa ya maabara, tochi ya kukagulia noti bandia, ile waliyo nayo wenye maduka, inatosha ikiwa ni ya nanomita 395 hivi, kwa kuwa GFP ya seti hii hunyonya mwanga wa eneo hilo na kutoa kijani. Funga mapazia. Tochi isimulikwe machoni.

Ukiacha visahani zaidi ya siku mbili, pembeni ya koloni kubwa vitazuka vijikoloni vidogo kama punje za semolina. Hivyo havina plasmidi. Koloni kubwa imemwaga kimeng'enya chake nje, ikasafisha ampisilini iliyoizunguka, na wasio na kinga wakaota hapo. Ukivihesabu, hesabu yako yote imeharibika. Na hesabu ya kupima plasmidi imeingia kwa ufanisi gani ni hii: kitanzi kina mikrogramu 0.8 za DNA, umepaka karibu moja ya tano, yaani 0.16. Koloni 160 ukizigawa kwa 0.16 ni 1,000 kwa kila mikrogramu. Kati ya 800 na 7,000 ni matokeo mazuri. Chini ya hapo, rudi kwenye kitanzi na themometa kabla ya kulaumu boksi.

Kuteketeza masalia si hiari. Hawa ni viumbe waliobadilishwa jeni na wana kinga dhidi ya dawa. Presha kuka inafaa, lakini kwa mwinuko wetu presha ya pauni 15 inafika nyuzi 119 hivi, si 121, kwa hiyo ongeza muda hadi dakika 30. Ukitumia jiki, soma chupa kwanza. Ikiwa nguvu yake iko chini ya asilimia 5, usifuate ule uwiano uliozoeleka wa sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji, weka sehemu 1 kwa sehemu 4 za maji na uloweke nusu saa. Na kabla hata ya kuagiza, kuna kanuni za usalama wa bioteknolojia za mwaka 2009, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Anayehusika ni Ofisi ya Makamu wa Rais, na iko hapahapa Mtumba. Barua itangulie oda.

Uhusiano na Dodoma hauishii kwenye vibali. Mwaka 2016, huko Makutupora, kaskazini mwa jiji, yalipandwa mahindi ya majaribio yenye jeni ya cspB iliyotoka kwenye bakteria Bacillus subtilis, ili yastahimili ukame. Novemba 2018 serikali ikaagiza majaribio yasimame. Mwanafunzi aliyepitia pGLO anaweza kuujadili mgogoro ule bila kuchanganya mahindi hayo na chotara za kawaida za dukani, ambazo ni uzao wa mbegu mbili za mahindi. Ila aambiwe pia tofauti: kwenye mahindi jeni huingia ndani ya kromosomu na kurithiwa, wakati plasmidi ya pGLO inaelea pembeni, na bakteria wakikuzwa bila ampisilini vizazi kadhaa, wengi huitupa kama mzigo.

Hapo ndipo kikomo cha seti kilipo. Inafundisha kuongeza jeni, haifundishi kuhariri. Kwa CRISPR, njia ya kuhariri jeni, kimeng'enya cha Cas9 kinachofanya kazi kama mkasi huongozwa na RNA (molekuli ndugu ya DNA) yenye herufi 20 za kuelekeza mpaka mahali maalumu na kukata, na marekebisho hufanyika kwenye DNA ya kiumbe mwenyewe. Ndiyo njia ya Casgevy, tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, na selimundu yenyewe inatokana na herufi moja tu, A kuwa T. Seti za kufundishia CRISPR zipo, lakini zina hatua nyingi zaidi na hazisamehe joto lililokosewa. Anza na hii.

Shule isiyo na friji wala namna ya kuchemsha masalia isinunue. Ichukue nusu kitunguu kilichosagwa, maji mililita 100, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji, iache dakika 10, ichuje kwa kitambaa, kisha imimine taratibu kando ya glasi spiriti iliyolala kwenye barafu, kiasi sawa na kile kilichochujwa. Iwe ya asilimia 90 na zaidi; ya 70 hutoa ukungu tu. Nyuzi nyeupe zitakazopanda mpakani, zinazoshikika kwa kijiti cha meno, ndiyo DNA.