Uzoefu wangu na wakili wa kesi ya ajali: alinipandisha ngazi kwenda kwenye kesi iliyokwisha kufa

Nianze na siku yenyewe, maana hiyo ndiyo inayonichemsha mpaka leo. Ilikuwa Jumanne, mvua imenyesha usiku kucha, Bwaise, hapa Kampala, imejaa maji kama kawaida yake. Nikatoka Kawempe saa 11 alfajiri na magongo yangu mawili. Kondakta wa kamunye, yaani matatu, akanisukumia ndani kama gunia la mkaa, halafu akanitoza nauli ya watu wawili kwa sababu magongo yamekalia kiti. Nikalipa. Nilikuwa nakwenda kudai haki yangu, nauli ni nini?

Mahakama niliyopangiwa iko juu, na lifti hakuna. Ngazi nilizipanda kwa makalio. Narudia: kwa makalio, kidato kimoja kimoja, mwanamume wa miaka 52, kanzu nimeikunja kiunoni, watu wananiruka. Nikafika nimelowa jasho. Nikasoma karatasi ya kesi za siku hiyo iliyobandikwa ukutani, nikaisoma tena kutoka chini kwenda juu. Jina langu halipo. Nikampigia wakili. Simu inaita, inaita, inakata.

Kijana mmoja wa masijala, nadhani ni mtu wa Arua maana alikisikia Kiswahili changu akanichangamkia, akaniuliza namba ya kesi. Akaiangalia kwenye kompyuta. Akaiangalia tena. Kisha akasema polepole, kama mtu anayetangaza msiba, "Mzee, hii kesi ilishakufa. Ina karibu miezi miwili sasa."

Sasa sikilizeni. Jumapili, siku mbili tu kabla ya hapo, nilimwandikia wakili wangu ujumbe: "Wakili, Jumanne ipo?" Akanijibu neno moja. "Ndiyo."

Hiyo "ndiyo" ninayo kwenye simu mpaka leo. Mke wangu ameniambia niifute, nimekataa.

Nielezee kidogo ilivyokufa, kwa sababu yangekuwa yamenifikia mapema haya nisingekuwa naandika. Kwa kanuni zilizobadilishwa mwaka 2019, mkishamaliza kuandikiana, yaani wewe umeshtaki, mwenzako amejitetea, nawe umejibu utetezi wake, upande wa mdai una siku 28 za kuomba ile samansi ya maelekezo ili hakimu apange kesi itakavyokwenda. Siku 28 zikipita hujaomba, kesi inakufa yenyewe. Hakuna anayekuita, hakuna anayekuuliza. Kazi hiyo ni ya wakili. Mimi fundi cherehani wa Kiyembe nitaijuaje?

Mguu wenyewe ulivunjika hivi. Nilikuwa nyuma ya boda, njia ya Gayaza, tunakaribia Kalerwe, lori la kampuni fulani likahamia upande wetu bila hata kuonyesha taa. Kijana wa boda akachubuka tu, mimi mguu wa kushoto ukavunjika mahali pawili. Kwa mtu mwingine mguu ni wa kutembelea. Kwangu mimi ndio injini, cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nilikaa karibu mwaka mzima bila kushona hata kifungo.

Nikiwa bado wodini, walikuja wale mabroka. Anakuja kijana amevaa viatu vilivyochongoka, anajua jina lako kabla hujamtajia, anakwambia "Mzee, sisi hatuchukui hata mia, tukishinda tunagawana nusu kwa nusu." Wawili walikuja, wiki moja. Nikashawishika, nisidanganye. Wakili niliyemwajiri baadaye ndiye aliyenifungua macho: Uganda, mapatano ya kumlipa wakili pale tu kesi ikishinda ni batili, Sheria ya Mawakili inayakataa. Anayekuahidi hivyo, ama si wakili kabisa, ama ni wakili asiyeiogopa sheria yake mwenyewe, na huyo wa pili ndiye mbaya zaidi. Kwa hiyo nilimlipa pesa ya kuanzia, milioni moja na nusu, nyingine nimekopa kwa shemeji. Risiti nikaomba. Akasema karani ataniandikia. Hiyo risiti tutairudia.

Nakiri mwanzoni alinipendeza. Aliniuliza kama nimejaziwa fomu ya polisi namba 3 na daktari, akataka ripoti ya mkaguzi wa magari, akaenda kutafuta lori limesajiliwa kwa jina la nani. Mimi nilitaka kumshtaki dereva, nilikuwa na uchungu naye. Akaniambia, "Dereva ana nini, Mzee? Ana deni kama wewe. Tunamshtaki aliyemtuma kazini." Na bima ya lazima je, ile stika ya kiooni? Akacheka. Bima ile, kwa mtu mmoja aliyeumia, sheria imeweka kikomo cha shilingi milioni 1. Chuma walichonitia mguuni peke yake kinaizidi hiyo.

Haya. Turudi Jumanne.

Kutoka mahakamani sikwenda nyumbani. Nikachukua boda (ndiyo, boda, nimeumizwa juu yake na bado naipanda, nitafanyaje?) mpaka ofisini kwake. Ghorofa ya tatu. Na huko nako lifti ilikuwa imekufa. Siku ya vifo. Nikamkuta anakunywa chai na chapati, koti ametundika, shati lake kifungo cha mkono wa kulia kimening'inia kwa uzi mmoja. Fundi haachi kuona. Nikamwambia kesi imekufa. Hakushtuka! Akapangusa mdomo, akasema, "Najua. Nilidhani karani alikuambia."

Alikuwa anajua. Yaani Jumapili alipoandika "ndiyo", alikuwa anajua.

Nikapandisha sauti, sitaficha. Kiswahili cha kambini kikanitoka, kile nilichokulia nacho, baba yangu alikuwa koplo. Naye akaniambia mbele ya wateja wawili, mmoja mama mtu mzima wa kuheshimiwa: "Mzee, kwanza hapa si kambini. Pili, kesi si suruali, haipimwi leo ikavaliwa kesho."

Nimeshona miaka 30. Nimeharibu suruali za watu, hakuna fundi asiyeharibu. Nimewahi kukata kitambaa cha bwana harusi kifupi, siku tatu kabla ya nikahi. Nilimfuata nyumbani kwake nikamwambia, bwana, nimekukosea, nipe mpaka Ijumaa. Alinitukana mpaka nikatamani ardhi inimeze. Lakini sikumwandikia "ndiyo, njoo uchukue" nikamwacha aje na wazee wake kukuta kitambaa kifupi. Suruali, wakili wangu, ina adabu kuliko ulivyonifanyia.

Usiku ule niliandika barua ya malalamiko kwenda Law Council, ambao ndio wenye kamati ya kuwaadhibu mawakili. Kurasa nne. Mtoto wa dada yangu akaniandikia upya kwa Kiingereza, akaondoa matusi, zikabaki mbili.

Kama ningeandika maoni haya wiki ile, yangeishia hapa, na ningewaambia: kimbieni mawakili wote, bora mkachukue chochote atakachotoa mwenye lori. Ila sikuyaandika wiki ile, na yaliyofuata yananitatiza.

Kwanza, kesi ya namna hii ikifa hivyo unaruhusiwa kufungua nyingine, mradi muda wa sheria haujapita. Madai ya kuumizwa mwili ni miaka 3 tangu siku ya ajali. (Ukigongwa na gari la serikali ni miaka 2 tu, usikae unasubiri mguu upone ndipo ukumbuke.) Mimi nilikuwa nimebakiza miezi minne hivi. Niliposikia hesabu hiyo tumbo lilinikata. Miezi minne! Angejinyamazia tu na "ndiyo" zake mpaka Ramadhani inayofuata, mguu wangu ungekuwa haki ya hewani.

Pili, na hili nalisema kwa shingo upande: alifungua kesi mpya wiki iliyofuata, na ada za mahakama alilipa yeye. Hakuniomba shilingi. Kuomba radhi hakuomba, neno hilo sijui kama alifundishwa alikosomea. Alimtuma karani aje Kiyembe aniambie "imefunguliwa", basi.

Tatu ni daftari. Hasara ya pesa ulizotumia, mahakama inataka uthibitishe moja moja: dawa, picha za eksirei, nauli, hata hayo magongo. Hapo wakili alikuwa mkali kama mkaguzi wa kodi. "Risiti iko wapi? Hii haina muhuri. Hii imefutika." Nikamkumbusha kuwa mimi ninamdai risiti pia. Akajifanya hakusikia. Lakini kipato changu cha mwaka nilichopoteza ningekithibitishaje? Fundi hana karatasi ya mshahara. Nikaona hapo tumekwama. Akaniuliza, "Vipimo vya wateja unaandika wapi?" Nikamletea daftari langu, limejaa mafuta ya cherehani, kila ukurasa jina la mtu, kiuno, nyonga, urefu, bei, alicholipa, anachodaiwa. Akalikalia jioni nzima, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo, mguu juu ya kiti. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa tangu miaka miwili kabla ya ajali. Akajumlisha kila mwezi. Akaja kuniambia mwezi wa sare za shule napata mara tatu ya mwezi wa kawaida, jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwahi kulijua. Miaka 30 natumia daftari lile, hakuna mtu aliyewahi kulisoma kama kitabu. Nilijisikia vibaya jinsi nilivyofurahi.

Na nne, siku ya usuluhishi. Kesi za madai lazima zipitie kwanza mezani kwa msuluhishi, kanuni ziko tangu mwaka 2013. Tulikaa chumba kidogo, upande ule walikuja watatu na wakili wao mwenye manukato. Huyo akaanza: mdai hakuvaa helmeti, kwa hiyo naye ana sehemu yake ya kosa, fidia ipunguzwe. Mimi moyo ukaanguka, kwa sababu ni kweli, sikuvaa, boda alikuwa na helmeti moja tu, ya kwake. Wakili wangu hakufungua hata faili. Akaninyooshea kidole mguuni akauliza, taratibu kabisa, "Helmeti inavaliwa hapa?"

Hata msuluhishi aliinamisha kichwa ili tusimwone anacheka. Wallahi, kwa nukta ile moja nilimsamehe kila kitu. Ngazi, makalio, chapati, kambi. Ningemshonea suti bure.

Tukafunga kwenye milioni 16, hati ikatiwa saini, ikawa hukumu ya maridhiano. Walilipa kwa awamu mbili, ya pili ilichelewa.

Halafu ukaja mchanganuo wake. Ada yake niliikubali, tulikuwa tumeandikiana. Lakini chini kabisa kuna mstari: "uwezeshaji, 400,000." Uwezeshaji wa nani? Wa kitu gani? Nikamuuliza, akasema, "Mzee, mambo ya kazi." Mtu huyu huyu aliyenikatalia risiti ya panadoli kwa sababu haina muhuri! Moto ukawaka upya. Nikaenda nyumbani nikaitoa tena ile barua ya kurasa mbili.

Basi mtauliza, nimpe nyota ngapi? Jana usiku nilikuwa naandika nne. Nimeamka nimeusoma ule ujumbe wa Jumapili, nikashusha mbili. Sheria anaijua, na mezani ni simba, wala sidhani wakili mpole mwenye kuniitikia simu angepata milioni 16. Lakini nikifumba macho simwoni mezani. Najiona mimi pale kwenye ngazi, watu wananiruka. Ukimwajiri, usimuulize kama kesi ipo. Mwombe namba ya kesi, uende masijala mwenyewe kila mwezi, na uhesabu zile siku 28 kwa vidole vyako. Na kabla ya kumpa hata senti, hakikisha leseni yake ya uwakili ni ya mwaka huu, maana huwa zinahuishwa kila mwaka. Yake ilikuwa hai, hilo sina ugomvi nalo.

Barua bado iko kwenye droo ya cherehani, chini ya mkasi. Sijaipeleka, sijaichana.

Na juzi, mtanisamehe mkidhani natunga, karani wake amekuja Kiyembe na mfuko. Ndani mna suruali mbili za kupunguzwa urefu, na lile shati, kifungo hatimaye kimedondoka. Anasema wakili anakusalimu sana, Mzee, na anauliza zitakuwa tayari lini. Nimempimia karani kwa macho, nimeandika kwenye daftari, bei kamili. Nimemwambia zitakuwa tayari siku atakayoniletea risiti ya milioni moja na nusu, yenye muhuri. Akauliza kama ni Ijumaa.

Nikamwambia, "Ndiyo."