Tela la ekseli mbili nyuma ya Hilux: uzoefu wangu wa kubeba zana za shamba Arusha na Moshi

Tela ninalotumia limechomelewa na mafundi wa Unga Limited, Arusha. Lina ekseli mbili, springi za majani, breki kwenye ekseli ya mbele, na sakafu ya chekeplati yenye urefu wa mita 3.5 na upana wa mita 1.8 kati ya madigadi. Likiwa tupu lina kilo 720, na uzito wa mwisho pamoja na mzigo ni kilo 2,500. Linavutwa na Hilux ya dizeli 4x4. Hubeba pawatila (trekta dogo la magurudumu mawili), jembe la diski tatu, mashine ya kupukuchua mahindi, tangi la maji la lita 1,000, na pia trekta la Massey Ferguson 135 linapohitajika kutoka Kisongo kwenda Kahe. Kwa kazi hiyo ni tela zuri sana, na uzuri wake uko chini ya sakafu, mahali ambapo wanunuzi wengi hawainami kutazama.

Anza na breki. Pikapu nyingi zinaruhusiwa kuvuta kilo 750 tu kama tela halina breki zake. Tela likiwa na breki, Hilux mpya za injini ya 2.8 zinafika kilo 3,500, na za zamani ziko chini ya hapo, kwa hiyo fungua kitabu cha gari lako. Zile kilo 750 ni tela na mzigo kwa pamoja. Tela dogo la ekseli moja lenye kilo 300 limebakiza kilo 450, ambazo ni pawatila moja na zana zake, basi. Ukiongeza jembe la diski na mifuko ya mbolea umeshapita, na breki za pikapu ndizo zinazobeba kila kitu. Kwenye tambarare ya Kisongo huwezi kuona tofauti. Utaiona ukishuka kutoka Karatu kuja Mto wa Mbu, au kutoka Kibosho kuja Moshi mjini, pale pedali inapoanza kuzama.

Langu lina breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela hulisukuma kwa mbele, fimbo ya kwenye mkono (chuma cha mbele kinacholiunganisha tela na gari) hurudi ndani na kuvuta nyaya za breki. Hazihitaji umeme na fundi yeyote anazielewa. Udhaifu wake ni kwamba kwenye mteremko mrefu tela linasukuma muda wote, hivyo breki zinashika muda wote na kuungua. Shuka kwa gia ndogo tangu juu, usisubiri harufu. Pia hakikisha kuna pini ya kuzuia fimbo unaporudi nyuma, la sivyo ukirudisha gari kwenye mlima kidogo breki zitakamata na tela litagoma. Pini hiyo itolewe kabla ya kuondoka. Kurekebisha, anza kwenye magurudumu: kaza mpaka gurudumu likwame, legeza mpaka lizunguke huru, ndipo ufuate nyaya. Ukianza na nyaya utapata upande mmoja unaoshika na mwingine unaoteleza.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi wa huku hulikwepa, nami nalisema kwa uchungu kwa sababu limeharibu matela mengi mazuri. Tela la ekseli mbili lazima liwe na kisawazishi, yaani kile kipande cha chuma kinachobembea katikati, kikiunganisha mwisho wa springi ya mbele na mwanzo wa springi ya nyuma. Ekseli ya mbele ikipanda tuta, kipande hicho hugeuka na kugawa uzito kwa ekseli zote mbili. Bila hicho, kila springi imefungwa peke yake, na kila tuta la barabara ya Moshi–Arusha linaiachia ekseli moja mzigo wote kwa muda mfupi. Matuta ya barabara hiyo unayajua yalivyo mengi. Jani kuu la springi hukatika kwanza, kisha chasisi hupasuka pale mabano ya springi yalipochomelewa. Kabla ya kulipa, panda na gurudumu moja la tela juu ya kipande cha mbao cha sentimita 15 na uinamie chini: kisawazishi kigeuke, na gurudumu la pili libaki limekanyaga ardhi kwa uzito. Likining'inia, usilichukue.

Mahali pa ekseli nalo ni jambo la hesabu, si la macho. Kwenye langu, katikati ya ekseli mbili ni mita 2.1 kutoka mwanzo wa sakafu, na kutoka hapo mpaka gololi ya kuvutia iliyo nyuma ya pikapu ni mita 3.5. Uzito unaokaa juu ya gololi uwe asilimia 10 hadi 15 ya tela lililopakiwa. Ukiwa mdogo, tela litaanza kupepesuka ukifika mwendo wa 70 au 80, hasa ukipishana na basi. Ukizidi, pikapu inakaa kitako, usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika miti. Kupima ni rahisi kwa sababu kila ghala la mazao lina mizani ya magunia. Iweke chini ya mkono wa tela juu ya tofali imara, mpaka kikombe kinachokaa juu ya gololi kiwe kwenye kimo kilekile cha gololi hiyo, na tela likae sawa bila kuinua pua. Tela langu likiwa na trekta la tani moja na nusu lina jumla ya kilo 2,220, kwa hiyo natafuta kati ya kilo 222 na 333 kwenye mizani. Kulisogeza trekta sentimita 10 mbele au nyuma hubadilisha uzito huo kwa kilo 43 hivi. Ukishapata mahali pake, chora mstari wa rangi kwenye sakafu na kila safari gurudumu likanyage hapo. Kilo hizo zinahesabika pia kama mzigo wa pikapu, kwa hiyo usijaze bodi magunia ukidhani halijabeba kitu.

Kupandisha trekta kuna hatari yake. Magurudumu ya nyuma yakiwa kwenye ngazi, mkia wa tela unazama na mkono unainua nyuma ya pikapu. Breki ya mkono ya Hilux inashika magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo yanayonyanyuka, kwa hiyo gari zima linaweza kuanza kuteleza. Dawa ni miguu miwili ya chuma chini ya mkia, iliyoteremshwa mpaka chini kabla trekta halijagusa ngazi, na vigingi kwenye magurudumu ya mbele ya gari. Ngazi ziwe na urefu wa mita 2 kwa sakafu ya kimo cha sentimita 60. Fupi zaidi ya hapo trekta linasimama wima mno. Funga kwa minyororo minne, miwili ikivuta mbele na miwili nyuma, kwenye ekseli au chasisi ya trekta, kamwe si kwenye usukani au fenda. Jembe la diski lilazwe chini kabisa na lifungwe, kwani mtikisiko hulisogeza.

Matairi: 185R14C ya 8PR (uimara wa tabaka nane), kila moja hubeba kilo 850, upepo 65 psi likiwa limejaa. Usikubali ya gari dogo. 185/70R14 yenye namba ya mzigo 88 inabeba kilo 560 tu, ingawa kwa macho yanafanana. Kaza nati za magurudumu upya baada ya kilomita 50 za mwanzo.

Beringi zinakufa kwa maji kuliko kwa uzito. Habu (kitovu cha gurudumu) lililopata joto barabarani likiingia kwenye mfereji wa mpunga kule Mabogini au Chekereni linapoa ghafla, hewa ya ndani inanywea na kufyonza maji kupitia sili. Ukifungua utakuta grisi imekuwa kama chai ya maziwa. Ioshe yote kwa dizeli, kausha, badilisha sili, paka grisi ya EP2 mpaka iingie katikati ya gololi za beringi. Kaza nati ukizungusha gurudumu, kisha ilegeze robo mzunguko na uweke pini mpya. Baada ya kilomita 20 simama uguse habu: mkono usipovumilia, imekazwa mno au breki inagusa.

Taa: plagi ya pini 7, ya 1 ni indiketa ya kushoto, 4 ya kulia, 5 na 7 taa za nyuma, 6 breki, 3 ni erthi. Taa zikififia ukikanyaga breki, angalia erthi kwanza, maana mafundi hutegemea gololi yenye kutu kupitisha erthi. Tela pia linahitaji usajili na namba yake lenyewe TRA, si namba ya pikapu.

Ninachokichukia: ekseli mbili husugua matairi kwenye kona kali za getini, watu wawili hawawezi kulisukuma likiwa tupu, na gurudumu dogo la kuegemeza mkono linazama kwenye tope jeusi mpaka uweke ubao. Kama unabeba pawatila pekee, achana na langu, chukua la ekseli moja lenye breki, mita 2.5 kwa 1.5, na mkono usiopungua mita 1.2 ili liweze kurudi nyuma bila kukunja.