Canon PowerShot SX740 HS: zumu ya 40x na mistari ya fremu, uzoefu wangu Mombasa

Kinachosifiwa zaidi kwenye kamera hii ni zumu yake ya 40x, na kweli si mchezo: kwa hesabu ya filamu ya 35mm, lenzi inaanzia milimita 24 (upana kabisa) na kufika 960 (mbali kabisa), na yote hayo yanaingia kwenye mfuko wa kanzu. Lakini mimi naipendea zaidi kitufe kimoja kidogo ambacho wenye kamera wengi hawakigusi.

Shida ya zumu ndefu anaijua aliyewahi kusimama ukingoni mwa bahari pale Mama Ngina kupiga meli inayoingia bandari ya Kilindini. Unaivuta mpaka maandishi ya ubavuni yasomeke, mkono unasogea kidogo tu, meli imetoka. Skrini imejaa maji matupu na hujui uelekee wapi. Hapo ndipo kitufe cha kutafutia kinapokuokoa. Ukikibonyeza na kukishikilia, lenzi inajirudisha, unaona mkondo mzima, na kwenye skrini kuna fremu nyeupe inayoonyesha eneo ulilokuwa umelivuta. Unaiweka meli ndani ya fremu hiyo, unaachia, na zumu inarudi palepale ilipokuwa. Ndege wanaopita juu ya maji nawapata kwa njia hiyohiyo. Bila kitufe hiki, nusu ya zumu hii ningekuwa siitumii.

Mistari ya gridi iwashwe kwenye menyu na iachwe hapo. Inaigawa skrini mafungu tisa na haitokei kwenye picha. Sisi watu wa pwani karibu kila picha ina bahari, na upeo ukienda mshazari kidogo, maji huonekana kama yanamwagika kutoka kwenye sinia. Nauweka upeo kwenye mstari wa chini nikitaka mawingu, wa juu nikitaka majahazi.

Ndani ya Mji wa Kale zumu haina kazi kubwa. Vichochoro ni vyembamba, na zile milimita 24 ndizo zinazofaa. Ila ukiinua kamera kuupiga mnara wa Msikiti wa Mandhry, nyumba za pembeni zote zinainamia ndani. Rudi nyuma kadiri njia inavyoruhusu, vuta kidogo, usiinue kamera sana, kisha linganisha pembe za kuta na mistari ya wima. Milango ya nakshi nayo inataka usimame mkabala nayo hasa. (Na mlango una wenyewe: piga hodi, omba ruhusa kwanza.)

Sura za watu usizipige kwa karibu na upana ule, pua inakua. Shangazi zangu nawapiga nikiwa hatua kadhaa nyuma, zumu ikiwa kama 4x, na sura zinakaa zilivyo.

Kuvuta mbali kuna gharama. Tundu la lenzi ni f/3.3 kwenye upana na f/6.9 mwishoni (namba ikikua, tundu linakuwa dogo), yaani mwanga unaoingia unashuka chini ya robo, na kihisi chenyewe, kile kinachopokea mwanga, ni kidogo. Magharibi ikishaingia mimi sivuti mbali. Mchana wa kaskazi nao, hewa juu ya maji inachezacheza kwa joto na picha ya mbali inakosa ukali hata kamera ikitulia. Asubuhi mapema ni bora, viwiko vikiegemea ukuta na kipima muda kikiwa sekunde 2.

Zumu ya dijitali izime. Ukipita 40x lenzi haisogei tena, kamera inakata tu katikati ya picha na kuikuza, jambo ambalo hata simu yako italifanya baadaye.

Ukiipata ya mkono wa pili, ivute mpaka mwisho mbele ya muuzaji, bonyeza kitufe cha kutafutia, na usikilize kama lenzi inaenda na kurudi bila kukwaruza. Lenzi ya namna hii ikishaingia mchanga wa ufukweni, hukwama.