Kutafuta makala: sehemu zote au sehemu moja?
Juzi hapa Kibokoni nilikaa na binti wa shangazi yangu, anaandika tasnifu kuhusu majahazi. Akaandika "Mombasa" kwenye sehemu zote za kanzidata (hifadhi ya makala kwenye kompyuta), yaani kichwa, mwandishi, mada na kadhalika, likaja lundo: hata makala za malaria, kisa mwandishi anafanya kazi Mombasa.

Tukahamia sehemu ya kichwa cha makala. Lundo likapungua, ila kichwa chenye "Mvita" pekee, jina la kale la Mombasa, kingetupita.

Sehemu ya mada ndiyo naipenda. Hapo mkutubi ameshaamua makala inahusu nini, kichwa kiwe na mbwembwe gani. Lakini mada nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Ukiweka "jahazi" huenda usipate kitu, weka "dhows". Mwandishi naye hutafutwa kwa jina la ukoo kwanza: "Mazrui, Ali", kisha "Mazrui, A. A.". Jarida la Azania, lililoanza 1966, litafute kwenye sehemu ya jina la jarida, la sivyo utazama kwenye siasa za Afrika Kusini, ambayo nayo wengine huiita Azania.

Sehemu zote nazitumia nikiwa sijui msamiati tu. Nikipata rekodi moja nzuri, nachukua mada zake na kuanza upya nazo.