Tathmini ya GNU coreutils: namna cp, sort na wenzao wanavyotunzwa

Programu ninayoitegemea kuliko zote kazini haina dirisha wala kitufe. Inaitwa coreutils, ya mradi wa programu huria wa GNU, na ndani yake mna amri zipatazo mia moja: ls ya kuorodhesha mafaili, cp ya kunakili, mv ya kuhamisha, rm ya kufuta, sort ya kupanga, du na df za kupima nafasi ya diski, date, split, sha256sum na nyingine nyingi. Ukiwa na Linux ya Debian au Fedora, tayari unayo. Ni bure, leseni yake ni GPL toleo la 3, na chanzo chake kizima kikishabanwa kwa xz hakifiki megabaiti 10.

Natunza seva za redio ya jamii hapa Tanga. Mali yetu kubwa ni sauti: mahojiano na wazee wa Pangani, vipindi vya wavuvi, mawaidha ya Ramadhani, taarifa za habari za miaka mingi. Kila usiku skripti inachukua rekodi za siku, inazinakili kwenye diski ya pili, inazihakiki, kisha inaandika kumbukumbu ya kazi iliyofanyika. Ukiifungua skripti hiyo, karibu kila mstari unaita amri ya coreutils. cp ikikosea kimyakimya, sauti ya mzee aliyekwisha fariki ndiyo imepotea hivyo. Kwa hiyo ninapoipima zana ya namna hii, swali langu la kwanza ni moja: ikionekana ina kasoro, wenyewe wanafanyaje?

Kwa coreutils jibu limo kwenye faili liitwalo NEWS, linalokuja pamoja na chanzo. Kila toleo lina sehemu yake, na kila hitilafu iliyorekebishwa imeelezwa: amri ipi, ilikuwa ikikosea vipi, na mwishoni, ndani ya mabano ya mraba, hitilafu iliingia toleo gani. Ni kama kadi ya kliniki ya mtoto, kila kitu na tarehe yake. Chukua sort. Toleo la 9.8 la Septemba 2025 lilirekebisha kasoro ambayo ilimfanya sort asome baiti moja kabla ya mwanzo wa sehemu ya RAM aliyotengewa. Ili uione ilikubidi utumie mtindo wa zamani wa kutaja funguo za kupangia, na umpe nafasi ya herufi yenye namba 18446744073709551615, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwenye mashine ya biti 64. Nani ataandika namba hiyo kwa bahati mbaya? Hata hivyo wameirekebisha, na wameandika wazi kwamba iliingia na toleo la 7.2. Hilo ni la mwaka 2009. Wangeweza kusema tu kwamba sort imeboreshwa. Hawakusema hivyo.

Zipo kasoro ambazo hazikuingizwa na toleo lolote la karibuni. Zilikuwemo tangu msimbo huo ulipoandikwa mara ya kwanza, na hizo nazo zimeandikwa hivyohivyo, kwamba zilikuwepo tangu mwanzo. Ninapolisoma faili hilo kabla ya kusasisha seva, najua ni lini nilikuwa salama na lini sikuwa. Mfano mzuri ni split, ninayoitumia kukata mafaili marefu ya kumbukumbu. Chaguo la -C lilikuwa linaweza kuandika nje ya sehemu yake ya RAM iwapo mistari mirefu sana imechanganyika na mifupi. Kasoro iliingia toleo la 9.2 na ikaondolewa toleo la 9.5 mwezi Machi 2024. Aliye na 9.1, kama wanaotumia Debian 12, hakuguswa nayo. Sentensi moja ya NEWS iliniondolea hofu ya seva nzima.

Nyuma ya sentensi hiyo kuna utaratibu. Hitilafu inaripotiwa kwa barua pepe, inapewa namba, inajadiliwa hadharani. Kiraka, yaani marekebisho ya msimbo, kinapoandikwa, hakiji peke yake: kinakuja na jaribio jipya, yaani skripti fupi inayorudia hali iliyoleta kasoro na kuangalia kwamba haijirudii. Majaribio hayo sasa ni mamia, yamepangwa kwa saraka za amri zao. Na aliyeripoti anaandikwa jina kwenye faili la shukrani linalosambazwa pamoja na programu. Kazi hiyo imebebwa na watu wachache mno. Jim Meyering, Pádraig Brady, Paul Eggert na Bernhard Voelker ndio majina utakayokutana nayo tena na tena, tangu vifurushi vitatu vya zamani vilipounganishwa kuwa kimoja na kutoka kama toleo la 5.0 mwaka 2003. Nawashukuru kwa dhati. Zana zao zinatumika kila seva ninayoijua, na ni nadra mtu kuwataja.

Ukitaka kuyaona majaribio yenyewe, pakua kifurushi cha chanzo, fungua, andika ./configure, kisha make, kisha make check. Usifanye hivyo ukiwa root, yaani msimamizi mwenye haki zote za mashine, kwa sababu configure itakukatalia, na inafanya vyema. Utaona mistari ya PASS ikipita mmoja baada ya mwingine, na michache ya SKIP: hayo ni majaribio yanayohitaji haki za root, au mfumo wa mafaili (namna ya kuyapanga mafaili diskini) ambao huna, au muda mrefu kuliko kawaida. Nilifanya hivyo kwenye kompyuta ya zamani pale studio. Mashine ilihangaika, lakini nilipomaliza nilikuwa naijua cp kuliko nilivyowahi kuijua, maana kila jaribio ni habari ya jambo lililowahi kumharibikia mtu fulani mahali fulani.

Sasa cp, maana hapo ndipo penye uzito. Toleo la 9.0, lililotoka Septemba 2021, lilibadilisha namna ya kunakili. Zamani cp ilisoma kipande na kuandika kipande. Siku hizi kwanza inauomba mfumo wa uendeshaji ufanye kazi hiyo wenyewe, au mafaili mawili yashirikiane nafasi ileile ya diski hadi mojawapo libadilishwe. Pia inauliza mfumo wa mafaili: data iko wapi, na tundu liko wapi? Tundu ni sehemu ya faili isiyoandikwa kitu, na cp inaliruka ili kuokoa muda na nafasi. Kasi inaonekana, hasa kwenye mifumo ya mafaili ya Btrfs na XFS.

Lakini Novemba 2023 watumiaji wa Linux ya Gentoo waliokuwa na mfumo wa mafaili wa ZFS wakakuta mafaili yaliyonakiliwa yana vipande vya sifuri mahali palipotakiwa kuwa na data. Mwanzoni watu walishuku kipengele kipya cha OpenZFS 2.2, yaani ZFS ya chanzo huria, na toleo la 2.2.1 likakizima. Haikutosha. Chanzo halisi kilikuwa cha zamani zaidi: kwa muda mfupi mno, data mpya ikiwa bado kwenye RAM haijafika diskini, ZFS ilijibu kwamba mahali hapo ni tundu. cp ikaliamini jibu hilo na kuandika sifuri. Marekebisho yalitoka kwenye OpenZFS 2.2.2 na 2.1.14 mwishoni mwa mwezi huohuo.

Nimelitafakari sana tukio hilo kwa sababu ya kazi yangu. Kwenye faili la WAV la biti 16, sifuri ni ukimya. Mahojiano yangenakiliwa, ukubwa wa faili ungekuwa uleule, lingecheza vizuri, na katikati mzee angenyamaza kwa sekunde kadhaa, nasi tungedhani alikuwa anavuta pumzi. Sisi tunatumia mfumo mwingine wa mafaili, ext4, haikutugusa. Kosa halikuwa la cp pia. Iliuliza swali halali ikapewa jibu la uongo. Hata hivyo cp mpya ndiyo iliyokuwa ikiuliza swali hilo mara nyingi kuliko ya zamani, ndiyo maana kasoro iliyolala miaka ikaamka. Toleo la 9.2 la mwaka 2023 liliongeza chaguo la --debug, ambalo linakuonyesha kwa kila faili cp imetumia njia ipi. Nimelitumia, na nalipenda. Pamoja na hayo, kila nakala yangu naihakiki kwa sha256sum -c, inayolinganisha alama ya kila faili na ile ya asili, na ninamsihi kila anayetunza kumbukumbu za watu afanye hivyo, awe na mfumo wowote wa mafaili.

Kwa rm sina malalamiko. Tangu 6.4 ya mwaka 2006 inakataa kufuta mzizi wa mfumo mpaka uitamkie wazi kwamba ndivyo unavyotaka. sort -h, iliyokuja na 7.5 mwaka 2009, inapanga 900M na 2G kwa ukubwa wake wa kweli. Du -h ikifuatwa na sort -h ndiyo njia yangu ya kujua kipindi gani kimejaza diski.

Lipo jambo lililotusumbua. Mwaka 2016, toleo la 8.25, ls ilianza kuyafunga kwa alama za nukuu majina ya mafaili yenye nafasi ndani yake, pale unapotazama kwenye terminali. Studio majina yote yana nafasi, kwa sababu watangazaji huandika kama wanavyozungumza. Tulipohamia seva mpya, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi alisimama nyuma yangu, akanyooshea kidole skrini.

“Fundi, hizi alama kwenye kipindi changu kaziweka nani?”

“Hakuna aliyeziweka, dada. Jina ni lilelile, ni namna ya kulionyesha tu.”

“Mbona jana hazikuwepo?”

Swali lake lilikuwa la haki. Sababu ya waandishi naielewa na naikubali: ukilinakili jina hilo na kulibandika kwenye amri, linafanya kazi bila kukatika vipande viwili, na hilo linazuia ajali. Nilichoona hakikuwa sawa ni kubadilisha kitu kinachoonekana na kila mtu kila siku bila kumpa nafasi ya kukizoea. Asiyetaka atumie ls -N, au aweke QUOTING_STYLE=literal kwenye mipangilio yake. Mimi nimeziacha.

Kunakili faili kubwa kwa cp bado hakukuonyeshi umefika wapi. dd, amri nyingine ya kunakili, ilipata chaguo la kuonyesha maendeleo, status=progress, kwenye 8.24 mwaka 2015, cp haijapata. Unaponakili vipindi vya mwaka mzima kwenda diski ya nje, na umeme wa huku unajulikana, unataka kujua kama usubiri au uwashe jenereta. Kwa kazi hiyo natumia rsync, programu nyingine ya kunakili.

Na njia ya kuchangia ni nzito kwa kijana anayeanza. Kujenga kutoka Git, yaani hifadhi ya msimbo wanaoufanyia kazi, kunataka orodha ndefu ya zana na maktaba ya gnulib, ambayo kwa bando la simu ni gharama. Viraka hutumwa kwa barua pepe. Mchango ukizidi takriban mistari kumi, unatakiwa uikabidhi haki miliki yako kwa Free Software Foundation, taasisi iliyo nyuma ya GNU. Sababu za kisheria zipo, lakini najua vijana wenye uwezo hapa mjini ambao wakifika hapo wanaacha. Ningependa mlango huo uwe mpana zaidi, kwa sababu waliomo ndani ni wachache na hawatadumu milele.

Upande wa pili wapo uutils, wanaoziandika amri hizihizi upya kwa lugha ya Rust. Mlango wao uko wazi zaidi, na kasoro ya aina ya ile ya split Rust kwa kawaida huizuia isifike mbali. Wanajipima kwa majaribio yaleyale ya GNU, jambo la heshima kwa pande zote mbili. Oktoba 2025 Ubuntu 25.10 ilitoka na amri hizo kama chaguo la kawaida. Muda mfupi baadaye ikagundulika kwamba date -r, ambayo kazi yake ni kusema faili lilibadilishwa lini mara ya mwisho, ilikuwa inapokea jina la faili na kurudisha saa ya sasa. Baadhi ya mashine zikaacha kujisasisha zenyewe, kwa kuwa ukaguzi wa masasisho ulitegemea jibu hilo. Ilirekebishwa mwezi huohuo. Skripti yangu nayo hutumia date -r kujua bakapu ya mwisho ilifanyika lini. Kwenye mashine ya namna hiyo ingeniambia kila asubuhi kwamba bakapu imefanyika sasa hivi, hata kama diski imechomolewa wiki nzima. Wataalamu wa uutils ni wazuri na nawatakia heri. Kwa hifadhi ya sauti, bado nabaki na GNU.

Nawapa nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeiondoa kwa ajili ya mlango mwembamba wa kuchangia, wala si kwa ubora wa kazi.

Anayetaka kujua mashine yake ina ipi, aandike cp --version. Ikianza na “cp (GNU coreutils)”, namba inayofuata ndiyo ya kutafuta kwenye NEWS. Ikitaja uutils, basi faili hilo la NEWS si la mashine yake, na date -r aijaribu kwanza kwenye faili la zamani kabla ya kuikabidhi bakapu.