Uzoefu wangu: miezi mitano na filamu kongwe za Hollywood, za noir na za kutisha

Mwaka jana nilinunua diski moja ya bei nafuu yenye filamu kumi za zamani za Marekani, na nusura nikate tamaa siku hiyohiyo. Picha ilikuwa ya kijivu tupu: usiku ulionekana kama asubuhi yenye ukungu, nyuso zilikuwa zimefutika, na sauti ilikwaruza hata nikashindwa kufuata mazungumzo. Muuzaji simtaji, kwa kuwa wanaouza diski za namna hiyo ni wengi na wote huchota kisima kimoja. Filamu ambayo hakimiliki yake imekwisha, kila mtu anaruhusiwa kuinakili, na nakala hunakiliwa kutoka kwa nakala nyingine hadi weusi wote unatoweka. Kwa filamu ya vichekesho pengine hasara hiyo huvumilika. Kwa filamu za noir, yaani za uhalifu zenye vivuli vizito, na za kutisha, ambazo zimejengwa kwa giza, kuondoa weusi ni kuiondoa filamu yenyewe.

Nikaanza upya, safari hii nikinunua diski za Blu-ray, zenye picha kali kuliko DVD, zile tu zilizotengenezwa kutokana na filamu zilizosafishwa na kukarabatiwa. Kwa miezi mitano nimekusanya filamu kumi na nne: seti ya filamu nane za kutisha ambayo studio ya Universal iliitoa mwaka 2012, na nyingine sita nilizozichagua mwenyewe, nyingi zikiwa noir. Jina hilo, ambalo kwa Kifaransa lina maana ya nyeusi, lilianza kutumiwa na wahakiki wa Ufaransa mwaka 1946, pale filamu za Marekani zilizokuwa hazionekani huko wakati wa vita zilipofika Paris kwa mkupuo. Nimezitazama zote, baadhi mara tatu, na ninamwandikia msomaji wa huku kwetu anayetaka kujua kama fedha yake haitapotea.

Inaweza kupotea kwa jambo dogo sana. Diski za Blu-ray zimegawiwa kwa maeneo yenye herufi: A ni la mabara ya Amerika pamoja na Japani, B ni la Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati, na C ni la China, India na Urusi. Mashine yangu, niliyoinunua hapa Dar es Salaam, inasoma B peke yake, na diski mbili za kwanza nilizoagiza kutoka Marekani ilizikataa kabisa, kwa hiyo ilinibidi niagize tena toleo la Uingereza. Ukipendelea DVD, nchi zetu ziko katika eneo namba 5. Diski za 4K, zenye picha kali zaidi, hazina mipaka hiyo, ingawa zinahitaji mashine yake. Jambo la pili ni umbo la picha: filamu za miaka ya 1930 na 1940 zina umbo linalokaribia mraba, na televisheni ya leo ikizionesha sawasawa huacha sehemu nyeusi kushoto na kulia. Wapo wanaodhani hiyo ni kasoro wakaivuta picha ijae kioo, na matokeo yake kila mwigizaji ananenepa. Iacheni kama ilivyo, na mzime pia ule mpangilio wa televisheni unaolainisha mwendo wa picha.

Nilianza na Double Indemnity ya mwaka 1944, iliyoongozwa na Billy Wilder, na hapo ndipo nilipofahamu nilikuwa nimekosa nini katika ile diski ya bei nafuu. Wakala wa bima aliyejeruhiwa anaingia ofisini usiku, anakaa mbele ya mashine ya kurekodia sauti, na anakiri kwamba amemuua mtu kwa ajili ya fedha na mwanamke. Tangu dakika za mwanzo mtazamaji anajua mwisho wake, lakini bado anabanwa. Mpiga picha John F. Seitz alipuliza unga wa alumini hewani ili mwanga unaopenya kwenye mapazia ya vipande vyembamba uonekane kama miale yenye vumbi, na vivuli vya mapazia hayo vinawalalia wahusika mistari mistari, kama vile tayari wako gerezani. Sisi tuliokulia katika nyumba zenye nondo madirishani tunakijua kivuli hicho: gari linapopita usiku, mistari hutembea ukutani juu ya kitanda. Katika nakala iliyokarabatiwa kila mstari unahesabika. Filamu hii iliteuliwa kuwania tuzo saba za Oscar na haikupata hata moja, uamuzi ambao kwangu hauelezeki, hasa nikimfikiria mwigizaji Barbara Stanwyck, anayesema maneno ya mauaji kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

Lililonishangaza zaidi katika miezi hii, na ndilo ninalotaka kulisisitiza, ni kwamba noir na filamu za kutisha zilitengenezwa kwa mikono ileile. Nilikuwa nimeziweka katika rafu mbili tofauti, na sasa nimezichanganya. Karl Freund, aliyepiga picha za Dracula ya mwaka 1931, ndiye aliyekuwa miongoni mwa wapiga picha wa filamu ya Metropolis kule Ujerumani. Edgar G. Ulmer, aliyeongoza filamu ya kutisha The Black Cat mwaka 1934 akiwa na waigizaji Boris Karloff na Bela Lugosi, ndiye aliyeongoza noir iitwayo Detour mwaka 1945. Ulmer, Wilder na Robert Siodmak walikuwa wameshirikiana Berlin katika filamu moja ya mwaka 1930, kisha wote watatu wakaishia Hollywood. Wilder aliondoka Berlin mwaka 1933 baada ya Hitler kushika madaraka. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: tazama filamu mbili mbili za mtu mmoja, moja ya kutisha na moja ya uhalifu, siku mbili zinazofuatana.

Jozi iliyo bora kuliko zote ni ya mwongozaji Jacques Tourneur na mpiga picha Nicholas Musuraca. Mwaka 1942 walitengeneza Cat People katika studio ya RKO, chini ya mtayarishaji Val Lewton, kwa fedha kidogo sana. Hata ngazi kubwa inayoonekana humo ilijengwa kwa ajili ya filamu nyingine. Ni hadithi ya mwanamke anayeogopa kugeuka chui. Mwanamke mwingine anatembea usiku kando ya bustani, nyayo zinasikika nyuma yake, kisha nyayo zinanyamaza. Kimya hicho kinatisha kuliko mngurumo wowote, na basi linapoingia ghafla kwa mlio wake wa breki, mama yangu, mwenye umri wa miaka sabini na mbili, aliyekuwa ameketi nami huku nikimtafsiria, alinishika mkono kwa nguvu.

"Mwanangu, mbona huyo mnyama hatuoneshwi?" aliniuliza.

"Mama, hawakumwonesha ila kidogo sana."

"Ndiyo maana sithubutu kwenda jikoni peke yangu."

Miaka mitano baadaye watu haohao wawili walitengeneza Out of the Past, ambamo Robert Mitchum anajaribu kuishi kimya katika mji mdogo hadi mambo ya zamani yanapomfuata. Giza ni lilelile. Safari hii linatoka kwa binadamu.

Detour ndiyo niliyokuwa nayo kwanza katika ile diski mbovu, na kulinganisha nakala mbili ilikuwa kama kumwona mtu yuleyule kabla ya ugonjwa na baada ya kupona. Ilitengenezwa kwa haraka na kwa fedha kidogo, haifiki dakika 70, na kwa miongo mingi ilizunguka katika nakala zilizochakaa hadi ukarabati wa mwaka 2018 uliotegemea zaidi nakala iliyohifadhiwa Ubelgiji. Sasa uso wa mwigizaji Ann Savage unaonekana vizuri, na hasira yake ndani ya gari inamfanya mtazamaji atamani kushuka. Kuna jambo moja ambalo mimi sikuligundua hadi mara ya pili. Kijana, mhusika mkuu, anapoomba lifti barabarani, magari yanapita upande wa kushoto na dereva ameketi kulia. Kwetu Tanzania hivyo ndivyo magari yanavyokwenda, kwa hiyo jicho langu liliridhika. Lakini Marekani hawaendeshi hivyo. Picha hizo ziligeuzwa, na maelezo yanayotolewa ni kwamba Ulmer alitaka safari ya kutoka New York kwenda Los Angeles ielekee kushoto mwa skrini, kama inavyoelekea kwenye ramani.

Kuhusu seti ya Universal, filamu nane hazilingani. Phantom of the Opera ya mwaka 1943, ya rangi, ina nyimbo nyingi kuliko hofu, na sitaitazama tena. Dracula inaanza kwa uzuri wa ajabu ndani ya ngome, kisha inakuwa mchezo wa jukwaani wa watu kusimama sebuleni na kuzungumza. Toleo la Kihispania, lililomo ndani ya seti hiyo, lilipigwa usiku katika mandhari zilezile za studio baada ya kundi la Kiingereza, lililofanya kazi mchana, kuondoka, na kwa maoni yangu kamera yake ina uhai zaidi, ingawa hakuna wa kulinganishwa na Lugosi, Dracula wa toleo la Kiingereza. Frankenstein ya mwaka 1931 ndiyo moyo wa seti. Majina ya mwanzo yanaweka alama ya kuuliza mahali pa jina la mwigizaji wa kiumbe aliyeundwa na mwanasayansi kwa viungo vya maiti, na hadi Boris Karloff anapogeuka polepole mlangoni bado swali hilo liko akilini. Wadhibiti wa filamu walikuwa wamekata sehemu ambayo kiumbe anacheza na mtoto ziwani, kisha anamtupa majini akidhani ataelea kama maua. Kwa kukata hapo waliacha tu baba aliyebeba maiti ya bintiye, na watazamaji wa miongo mingi wakabaki kuwaza mabaya zaidi. Sehemu hiyo ilirudishwa miaka ya 1980. Bila hiyo tunamwogopa kiumbe, ikiwepo, tunamlilia.

Touch of Evil ya mwaka 1958 nitaipita kwa haraka, kwa sababu siwezi kumvumilia Charlton Heston aliyepakwa rangi ili awe Mmeksiko, ingawa picha ya kwanza, inayodumu zaidi ya dakika tatu bila kukatwa, ni kazi ya bingwa.

Suala hilo la rangi linamgusa mtazamaji Mwafrika katika karibu kila diski. Watu weusi wanapita wakibeba mizigo, wakifungua milango, wakiosha magari. Filamu iliyonitikisa ni I Walked with a Zombie ya mwaka 1943, ya Tourneur na Lewton. Muuguzi mzungu anawasili katika kisiwa cha Karibea, na mwendesha gari la farasi, mzee mweusi, anamweleza kuhusu meli iliyowaleta mababu na mabibi zao wakiwa wamefungwa minyororo chini ya meli. Muuguzi anajibu kwamba angalau waliletwa mahali pazuri. Mzee anamwambia, kwa adabu yote, kuwa ni hivyo iwapo yeye anasema hivyo. Nilisimamisha filamu hapo na kukaa kimya kwa muda. Sikutarajia kukuta jibu hilo katika filamu ya bei ndogo yenye jina la namna ile.

Na katika filamu hiyo, na katika Cat People, na katika Out of the Past, yumo mwigizaji mmoja, mwanamke mweusi. Kisiwani ni mtumishi anayemwamsha muuguzi kwa kumvuta kidole cha mguu ili asimshtue. Katika Cat People ni mhudumu wa mkahawa. Katika Out of the Past ameketi Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, katika klabu ya usiku, amevaa vizuri, yuko na mwenzake, na Mitchum anamsogelea na kuzungumza naye kwa heshima ambayo sikuizoea katika filamu za wakati ule. Naye anamjibu anachotaka yeye kumjibu, si zaidi. Mama alimtambua kabla yangu. "Huyu si yule wa mkahawani?" alisema, kisha akataka kujua jina lake. Nilirudisha filamu mwanzo tukasoma majina yote ya waigizaji, halikuwamo. Katika Cat People pia halikuwamo. Anaitwa Theresa Harris, na nimeliandika kwa kalamu ndani ya makasha yote mawili.