Manowari Mikasa, Yokosuka: uzoefu wangu na nini cha kutazama

Kutoka stesheni ya Yokosuka-Chuo, reli ya Keikyu, ni kama dakika 15 kwa miguu hadi Bustani ya Mikasa. Meli hii ya kivita ya Japani iko kando ya bahari lakini haielei. Mkataba wa Washington wa 1922, wa kupunguza manowari za mataifa makubwa, ungeipeleka kwenye vyuma chakavu. Iliachwa iwe kumbukumbu kwa sharti kwamba isiweze tena kwenda baharini, ndiyo maana imezungushiwa zege na mchanga.

Kwanza ujue kipi ni cha asili. Mwili wa meli ndio uleule uliotoka kiwanda cha Vickers, Barrow-in-Furness, Uingereza, mwaka 1902: tani 15,140, urefu wa mita 131.7, mwendo wa noti 18. Mizinga, dohani na milingoti vimeundwa upya. Baada ya 1945 meli ilivuliwa kila kitu juu ya deki, pakawekwa ukumbi wa dansi na hifadhi ya samaki. Ukarabati ulikamilika 1961, na baadhi ya vifaa vilitolewa kwenye manowari ya Chile, Almirante Latorre, iliyokuwa ikivunjwa hukohuko Japani. Anayetaka kugusa mtutu uliopiga Tsushima, vita vya baharini vya 1905 ambako Japani iliishinda Urusi, asifunge safari.

Mimi ningetumia muda mwingi kwenye mizinga ya ubavuni, ya milimita 152. Ilikuwa 14: kumi deki ya chini nyuma ya ukuta mmoja wa chuma, minne juu yake. Sanamu za mabaharia zimepangwa kama wanashindilia kombora, na hapo unaona nafasi ilivyo finyu. Chungulia nje kupitia tundu la mzinga. Mizinga ya chini ilikaa karibu mno na maji, kwa hiyo bahari ikichafuka, kama ilivyochafuka Tsushima tarehe 27 Mei 1905, mawimbi yanapiga ndani na kulenga kunakuwa kazi ngumu.

Ile minne mikubwa ya milimita 305, miwili omo (mbele) na miwili tezi (nyuma), ilirusha kombora la takriban kilo 386. Ugonjwa wake ulikuwa kwenye risasi zenyewe. Wajapani walijaza baruti ya Shimose na kutumia fyuzi (kilipushi cha kombora) ya Ijuin, nyepesi kushtuka kiasi kwamba kombora lilipasuka likigusa hata maji. Upande wa adui ni moto na moshi mtupu. Likipasukia ndani ya mtutu, mzinga wako ndio unaokufa. Tsushima mzinga mmoja wa mbele wa Mikasa uliharibika hivyo katikati ya mapigano. Vibao vya maonyesho vinasifia zaidi ushindi, kwa hiyo soma habari hii kabla ya kwenda.

Panda darajani kwa ngazi iliyosimama wima; viatu vya kuteleza viache. Sakafuni pamewekwa alama za walipokuwa Admirali Togo, kamanda wa kundi la meli za Japani, na maofisa wake. Togo alibaki hapo peupe badala ya kuingia kwenye chumba cha chuma chini yake, na meli ikapigwa zaidi ya mara 30. Warusi aliowangojea walikuwa wamezunguka nusu ya dunia. Walikaa wiki nyingi Nosy Be, Madagaska, si mbali na Komoro, huku magugu ya bahari yakiota chini ya meli zao na kuzipunguzia mwendo.

Ajali mbaya zaidi haikutokana na adui: usiku wa kuamkia 11 Septemba 1905, amani ikiwa imeshatiwa saini, ghala la baruti lililipuka bandarini Sasebo na meli ikazama. Iliinuliwa 1906, ikarudi kazini 1908.

Tezi kuna vyumba vya admirali, vizuri, dakika kumi zinatosha. Usitegemee kuona boila wala injini. Tenga saa mbili, uende asubuhi; boti ya kisiwa cha Sarushima inaondokea gati la jirani.

Nyota nne kati ya tano.